Picha ya Kabla ya Kulala

Mwalimu Projestus Rwegasira alijenga nyumba ya vyumba sita kule Bunju, akabaki na mwili mmoja wa kuilalia. Fundi hana kosa. Wakati msingi unachimbwa walikuwa watu wanne, yeye na mkewe Anastasia na watoto wao wawili, Kokushubila na Daniel, na kila mmoja alikuwa ameshachagua chumba chake kwa kusimama katikati ya kamba za vipimo na kunyoosha mikono. Lakini nyumba ya mwalimu hujengwa likizo kwa likizo, na hii ilichukua miaka kumi na saba. Bati la mwisho lilipopigiliwa, Daniel alikuwa ameoa na anaishi Mbeya, Kokushubila ameolewa na anaishi Dodoma. Anastasia aliishi ndani yake miaka miwili tu, akafariki. Hata kaburi lake halipo karibu. Wahaya humrudisha mtu wao kibanjani, kwenye shamba la ukoo, kwa hiyo amelala Kamachumu chini ya migomba, na mumewe akitaka kumwekea ua inabidi apande basi alfajiri na kulala njiani.

Kilichowafanya watoto wasihangaike sana juu ya baba yao kilikuwa wapangaji. Uani kulikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili, na humo alikaa Jonas, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na mkewe Mama Praygod na watoto watatu ambao waliufanya uwanja mzima kuwa kiwanja cha mpira. Mama Praygod hakupika mboga bila kumpelekea mzee bakuli. Watoto hawakuvunja kitu bila kuja kukiri kwanza kwa Babu. Mwalimu Projestus alikuwa akilalamika kila siku kwamba kelele zile zitamuua, na uongo mkubwa kuliko huo haujapata kuonekana Bunju.

Kokushubila ni nesi, na maneno yake huwa kama dozi, hayabishaniwi. Alipokuja Pasaka alimwambia wazi, wamekaa kibarazani.

"Baba, mie Dodoma nalala usingizi kwa sababu ya Jonas. Siku Jonas akihama, siku hiyohiyo nakuja kukuchukua. Nyumba tutapangisha, utakaa na sisi. Sitaki nisikie umeanguka bafuni halafu unaokotwa baada ya siku tatu."

"Jonas hahami," alijibu Mwalimu.

Mwezi wa sita Jonas alihamishiwa Kibaha. Walipakia vitu kwenye Kenta asubuhi ya Jumamosi, Praygod akalia, Mama Praygod akaacha sufuria la maharage jikoni kwa mzee, na kufika saa nne uwanja ulikuwa umenyamaza. Mwalimu alifagia vyumba vyao viwili ingawa vilikuwa vimeshafagiliwa. Alikuwa ameamua kwamba Koku akipiga simu tu, atamwambia. Hakuwa mtu wa kuficha mambo, na darasani alisifika kwa hilo.

Jioni Koku alipiga, lakini alikuwa na lake. Jirani yake alikuwa ameibiwa kwa kusahau kufunga geti, na hofu yote ya Dodoma akaihamishia Bunju. Kuanzia leo, alisema, kila usiku Baba akishafunga milango atoke hatua chache, apige picha ya nyumba nzima na ya uani, aitume kwenye kundi la familia. "Nikiiona tu, nalala. Usiku mwema, Baba." Akakata kabla mzee hajameza mate.

Mwalimu akatoka, akapiga, akatuma. Alikuwa amesahau kuzima taa ya chumba cha Jonas alipomaliza kufagia. Baada ya dakika moja Koku akaandika: "Naona akina Jonas nao bado wako macho. Wasalimie."

Sasa mtu atafanyaje hapo? Uongo huo hakuusema yeye, aliukuta umeshasemwa na balbu. Alisimama na simu mkononi akiangalia maneno hayo, akaona kwamba kuyasahihisha maana yake ni kuhama nyumba ya Anastasia. Akaandika, "Wamekusikia." Usiku uliofuata aliiwasha taa ile kwa makusudi.

Shida ni kwamba picha zake zilikuwa mbaya kupita kiasi. Taa zilitoka kama mayai ya kukaanga na nyumba ilionekana kama inakimbia. Daniel aliuliza kwenye kundi kama Bunju wamepigwa na tetemeko. Mkewe, Tupokigwe, ambaye ni mtu wa heshima, alianza na "Shikamoo baba" ndipo akaweka vikaragosi sita vya kucheka. Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini na minne, alichora ramani ya Afrika ubaoni bila kutazama kitabu, na hakuwa tayari kuchekwa kwa ajili ya simu. Kesho yake alikwenda stendi kwa Lusungu, dada wa stesheneri anayepiga picha za pasipoti na kutoa kopi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Simu yangu haioni usiku."

Lusungu aliipokea, akaigeuza, akacheka. "Inaona, Mwalimu, ila umeipaka mafuta. Umekula nini leo?"

"Dagaa."

"Basi na simu nayo imekula dagaa." Akakifuta kioo kidogo cha nyuma kwa kitambaa. "Hii lenzi ufutage kila siku. Halafu hii flashi zima. Inamulika hatua tatu tu, nyumba yote hiyo itaifikia wapi? Sasa bonyeza hapa penye kimwezi, halafu usipumue."

"Nisipumue?"

"Inakusanya mwanga kidogokidogo, kama mtu anayejaza ndoo kwa kikombe. Ukitikisika, inamwaga."

Mwalimu akamwonyesha mikono yake. Ilikuwa na mtetemo mdogo wa siku nyingi, ule ulioanza mwaka aliostaafu.

"Basi usiishike," Lusungu akasema. "Iegemeze kwenye tofali, iambie ihesabu sekunde kumi, wewe kaa pembeni. Itapiga yenyewe."

Aliyaandika yote kwenye daftari. Na kwa kuwa mwanafunzi mzuri hurudi kuonyesha kazi yake, alirudi keshokutwa, na wiki iliyofuata, na karibu kila wiki mpaka Septemba, akitembea robo saa kwenda na robo saa kurudi ili mtu mmoja aitazame picha na kumwambia ilipokosewa. Hapa umeivuta, Mwalimu, usiivute, sogea wewe. Hapa taa ya kibarazani imeungua, gusa palepale penye taa ushushe mwanga. Hapa umechelewa, usiku mnene hauna kitu, piga magharibi ikishapita, mbingu ikiwa bado na buluu kidogo. Ukweli ni kwamba makosa mengine alikuwa anayajua kabla hajatoka nyumbani. Alitaka tu kuyasikia kwa sauti ya mtu.

Ushauri wa ile buluu ulimgharimu. Ili picha iwe ya kabla ya kulala, na iwe na buluu mbinguni, ilibidi afunge milango saa moja kasorobo. Koku alifurahi kwamba baba siku hizi anafunga mapema. Lakini mtu akishajifungia saa moja kasorobo, mpaka asubuhi ni mbali sana. Alikula saa moja, akasikiliza taarifa ya habari saa mbili, akasali rozari, akatazama saa, ikawa saa tatu kasoro dakika nane. Wenzake wa mtaani nao walikuwa ndani ya kuta zao. Bunju ya sasa kila mtu na geti lake, na jirani unamjua kwa honi ya gari lake.

Picha lakini zilikuwa nzuri. Daniel aliacha kucheka. Tupokigwe aliweka moja kwenye simu yake ili shangazi zake waone nyumba ya mkwe wake.

Siku moja Lusungu aliitazama picha mpya kwa muda mrefu.

"Mwalimu, natamani niibandike hii dukani. Ila mbona hupigagi na watu?"

"Watu wamo ndani."

"Mh! Watu gani hao wasiochungulia?"

Alitania tu, lakini mzee alirudi nyumbani kwa haraka. Kama Lusungu ameona, Koku ataona. Jioni ile aliweka simu juu ya tofali, tofali juu ya pipa, akaiambia ihesabu sekunde kumi, akakimbia. Ndiyo, alikimbia, na miaka yake sitini na saba, kandambili zikipiga visigino, akaingia kwenye chumba cha Jonas, akasimama nyuma ya pazia alilolitengeneza kwa kitenge cha marehemu mkewe, taa mgongoni, akabana pumzi na kuhesabu mpaka tano. Ng'ombe hazeeki maini, lakini magoti je? Mara ya kwanza alichelewa, akatoka kama moshi mlangoni. Mara ya pili aligonga kiwiko. Mara ya nne ikakubali. Alirudi kwenye pipa akihema, akaikuza picha kwa vidole viwili, na pale dirishani akaona kivuli cha mwanamume aliyesimama ametulia ndani ya nyumba yenye taa.

"Baba Praygod namwona dirishani," aliandika Koku. "Msalimie sana."

"Amesikia," alisema Mwalimu kwa sauti, peke yake katikati ya uwanja.

Ikawa ndiyo kazi yake ya kila jioni. Alijifunza kubadilisha. Siku nyingine alianika mashati yake kwenye kamba ya Mama Praygod. Siku nyingine alipanga kandambili tatu mlangoni. Na kuna siku, picha ikishapigwa, hakutoka upesi. Alibaki nyuma ya pazia, chumba kitupu kikimrudishia pumzi zake, akitazama nje kule simu ilipo. Baadaye kitandani aliifungua picha tena na kumtazama yule mtu wa dirishani, na nitasema kama ilivyokuwa, alimwonea wivu. Yule alionekana kama nyuma yake kuna mke anayekaanga kitu na watoto wanaogombania mto.

Mwezi wa kumi Koku aliandika habari kubwa. Krismasi wanakuja wote Bunju. Yeye na mumewe na watoto wawili, na Daniel na Tupokigwe na yule mchanga wao ambaye babu yake alikuwa amemwona kwenye simu tu. Tangu Anastasia afariki hawajawahi kula Krismasi pamoja ndani ya nyumba ile.

Mzee alifufuka. Aliosha vyandarua. Alianika magodoro ya vyumba vitano juani, akayageuza, akayaanika tena. Alimpigia Adelard, mpwa wake aliyeko Bukoba, amtumie senene kwa basi, kwa sababu wajukuu wa Dodoma wanakula senene kama karanga, na Adelard akatuma kopo kubwa wamekaangwa vizuri, mzee akaliweka juu ya kabati na kujikataza kulifungua. Suala la Jonas alilipangia siku yake. Angewaambia mezani, wote wakiwa wameshiba, mtoto mchanga yuko mapajani mwake, waone wenyewe kwamba ni mzima, na Koku angekasirika kidogo halafu angecheka. Aliifanyia hotuba hiyo mazoezi bafuni. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa hicho kimoja, vyumba vile sita viwe na watu siku tatu.

Katikati ya Desemba mvua za vuli zilinyesha mchana kutwa na kukatika saa kumi na mbili. Mwalimu alikuwa ametundika taa za Krismasi kibarazani, nyekundu na kijani, na akawasha kila taa ya nyumba, ya kila chumba, na ya choo cha uani pia. Mbingu ilikuwa na buluu ambayo Lusungu angeipigia kelele. Uwanja ulikuwa na dimbwi pana na nyumba nzima ilikuwa imelala ndani yake kichwa chini, taa zote zimehesabika. Alivua kandambili asiteleze, akabonyeza, akakimbia pekupeku kuzunguka dimbwi, akasimama nyuma ya kitenge, akabana pumzi.

Ilikuwa picha yake bora kuliko zote. Alijua hilo kabla hajaikuza. Hakukuwa na taa iliyoungua wala ukuta uliotikisika, matone yalionekana kwenye majani ya mchungwa, na mtu wa dirishani alikuwa wazi mpaka mabega. Aliandika chini yake, "Njooni upesi." Akaisoma, akaona ni kama ombaomba. Mzazi hamlilii mtoto. Akafuta, akaandika, "Nyumbani kwema," akatuma.

Kundi likalipuka. Daniel aliuliza kama Baba ameitoa kwenye kalenda. Tupokigwe alisema, "Shikamoo baba, jamani nyumba imewaka mpaka raha." Mume wa Koku, ambaye huwa haandiki, aliandika. Kwa upande wa Koku, juu ya simu ikaonekana kwamba anaandika, anaacha, anaandika tena. Mzee alijitengenezea chai akisubiri. Ujumbe ulipoingia ulikuwa mrefu.

"Baba, nimeikuza hii picha nikaiangalia mpaka machozi yamenitoka. Taa zote zinawaka, Baba Praygod yuko dirishani, nyumba ina watu. Sasa ngoja nikwambie kitu nilichokuficha. Wakwe zangu Moshi wameomba tukale Krismasi kwao, baba mkwe hali yake siyo nzuri, na mie nilikuwa nimekataa kata kata. Nilisema siwezi kumwacha Baba peke yake sikukuu. Lakini leo roho imetulia. Hauko peke yako. Mtakula na akina Jonas, watoto watakuchangamsha. Sisi tutakuja Pasaka, Mungu akipenda. Usikasirike Baba."

Chini yake Daniel hakuchelewa. "Kama Dada haji, basi na sisi tusogeze mpaka Pasaka tuje wote kwa pamoja."

Mwalimu alikiweka kile kikombe cha chai chini. Iliuma. Iliuma kwa namna ambayo hakuwa ameumia tangu siku Anastasia alipofia hospitalini, na ubaya wake ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Mtoto wake alikuwa amekataa Moshi, amekataa wakwe zake na mgonjwa, kwa ajili yake, na yeye amekimbia pekupeku kwenye matope kwenda kumwambia asije. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na huyu alikuwa ameifikia ncha yake akiwa ameshika simu. Angeweza kupiga kelele. Badala yake aliandika, "Sawa. Wasalimieni wote. Mgonjwa apone," kwa sababu ndivyo baba anavyoandika.

Alizima taa za vyumba vitano, kimoja kimoja. Alipita kwenye kabati, akalitazama kopo la senene, akaendelea. Alikuwa ameshaketi kitandani simu ilipolia tena kwa ujumbe. Alikuwa Daniel.

"Baba hebu tufundishe basi. Mie na simu yangu hii kubwa picha za usiku zinatoka ovyo, mtoto anafanana na gunia. Wewe unafanyaje?"

Na mzee, na moyo wake uliovunjika, alifurahi. Mjinga huyo alifurahi. Hakuna aliyemwomba amfundishe kitu tangu astaafu. Alivaa miwani, akachukua daftari lake, akakaa wima, na kwa kidole kimoja akaanza kuandika ujumbe mrefu kuliko wote aliowahi kuutuma, maana somo la kwanza lilikuwa usafi wa lenzi na hapo alieleza kwa nini mafuta ya mkono hutawanya mwanga, na kabla hajafika kwenye flashi ilikuwa imepita robo saa. Akaeleza habari ya kutovuta bali kusogea. Akaeleza tofali na pipa. Akaeleza ile buluu, jua likiwa limezama lakini mwanga wake bado unapinda juu ya upeo, na akajizuia kuchora mchoro. Wao kule Mbeya na Dodoma walikuwa wanasubiri, alijua, maana kundi zima lilikuwa limenyamaza kama darasa. Alipofika mwisho aliandika hivi: "Jambo kubwa kuliko yote ni utulivu. Simu ikiwa kwenye hali ya usiku hukaa imefungua jicho kwa sekunde kadhaa, na chochote kitakachotembea mbele yake kitatoka kama moshi. Kwa hiyo subirini mpaka pasiwe na mtu anayepita. Mimi hapa huwa sisubiri."

Akatuma bila kurudia kusoma, mtu aliyekuwa akisahihisha mpaka barua za wenzake.

Madole gumba yakamiminika. Daniel aliandika, "Mwalimu ni mwalimu tu." Tupokigwe alishukuru, akasema atajaribu leo leo. Kisha Koku.

"Hapo kwenye utulivu ndipo mie hushindwa, Baba. Wangu hawa hawakai hata sekunde moja, kila picha wametoka mizimu. Na wewe una watatu wa Jonas hapo uwanjani, tena wale ninavyowajua! Wewe unawatulizaje?"

Hakuwa amemshuku. Mwalimu aliusoma mara tatu na kuona kwamba mtoto anauliza swali la darasani, swali zuri, linalofuata somo. Miaka thelathini na minne alijibu maswali ya namna hiyo, na pale asipojua alisema sijui, lakini jibu la uongo kwa mwanafunzi aliyenyoosha mkono hajawahi kulitoa. Aliandika, "Huwa wanalala mapema." Akayatazama maneno hayo.

Akiyatuma, nyumba inabaki yake. Koku atacheka, atasema wana bahati, na Krismasi itapita, na Pasaka nayo, kwa sababu kila mara watakapoanza kumhurumia atakuwa na picha nyingine nzuri zaidi. Alikuwa hodari sasa. Hilo ndilo lililomtisha. Angeendelea kuwa hodari mpaka asiwepo mtu hata mmoja wa kuona haja ya kuja. Na asipoyatuma, Koku ni yule yule wa dozi, kabla ya mwaka mpya atakuwa mlangoni na mabegi, na vyumba vile vitachaguliwa na watoto wa watu wengine. Nje vyura walikuwa wameanza kelele zao kwenye dimbwi. Alimkumbuka mkewe amesimama kati ya kamba za vipimo, amenyoosha mikono, akiuliza kama kitanda kitaenea, na akaona kwamba Anastasia alikuwa amechagua chumba cha kulala watu wawili.

Akafuta. Akaanza upya, akakosea herufi, akarudia.

"Hawapo, mama. Walihama Juni. Huyo wa dirishani ni mimi."

Akatuma, kisha akatoka nje pekupeku kwenda kuzima taa ya Jonas, na simu ikaanza kuita kabla hajaufikia mlango.